Kutia Weusi Chuma Kilicholiwa na Kutu: Mwongozo Kamili kwa Mafundi wa Pwani

Tezo, kile chombo cha kuchongea mbao, niliyoletewa mwezi wa Mei ilikuwa imefungwa ndani ya gunia la nailoni, na gunia lilipofunguliwa ukamwagika unga mwekundu kama wa tofali. Aliyeileta ni kijana wa Matondoni, kijiji cha hapa kisiwani Lamu, niliyemfundisha kazi miaka iliyopita. Ilikuwa tezo ya marehemu babu yake, aliyechonga nayo mataruma, yaani mbavu, ya majahazi umri wake wote, na ilikuwa imelala darini tangu mzee afariki.

"Ami, itafaa tena, au niitupe baharini?"

"Bahari ndiyo iliyoiponza," nikamwambia. "Niachie wiki mbili."

Mwongozo huu ni kazi niliyoifanya katika wiki hizo mbili. Unafaa kwa tezo, patasi, shoka, nyundo, bisibisi za chuma, makomeo ya milango ya zamani, na chuma chochote cha kawaida kilichopoteza rangi yake. Haufai kwa stenlesi, kwa sababu haishiki kutu tunayoihitaji, wala kwa bati na misumari ya mabati, wala kwa shaba.

Njia yenyewe ni ya zamani. Mafundi wa bunduki wa Ulaya katika karne ya 19 waliitumia kutia weusi mitutu, na mpaka leo wako wanaoitumia kwa bastola na bunduki za kuwindia. Kwa silaha, lakini, usinifuate. Hapa Kenya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, imewaachia wafanyabiashara wa silaha waliosajiliwa kazi ya kuzitengeneza, na mwenye bastola iliyochakaa aipeleke huko. Mimi nazungumzia zana za kazi.

Kutu mbili na adui mmoja

Kutu nyekundu na kutu nyeusi zote ni chuma kilichoshikana na hewa ya oksijeni, lakini tabia zao ni mbali kabisa. Nyekundu huvimba, hubanduka, na hunyonya maji kama sifongo, kwa hiyo chuma kilicho chini yake huendelea kuliwa. Nyeusi ni nyembamba, hung'ang'ania chuma, na matundu yake madogo hushika mafuta. Ukiichemsha kutu nyekundu changa ndani ya maji safi, hugeuka nyeusi mbele ya macho yako. Siri yote ya kazi hii iko hapo: unakiotesha chuma kutu kwa makusudi, unaichemsha, unaisugua, unarudia, mpaka chuma kivae koti.

Adui halisi ni chumvi. Maji ya bahari yana chumvi kiasi cha gramu 35 kwa kila lita, na upepo wa kusi huirusha mpaka vyumba vya ndani. Ndani ya chumvi ya bahari mna aina inayovuta maji kutoka hewani hata hewa ikiwa na unyevu wa theluthi moja tu, na hewa ya Lamu haikauki kiasi hicho. Ndiyo maana zana iliyopigwa msasa ikang'aa kama kioo hurudi kuota madoa baada ya siku tatu. Umetoa kutu, chumvi umeiacha ndani ya mashimo.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Patasi zangu sita za mwanzo nilizisuuza kwa maji ya kisima cha uani. Asubuhi nikazikuta zimetoka jasho: vitone vidogo vya rangi ya chai, kila kimoja kimekaa juu ya tundu lake. Nilivifuta, vikarudi. Nilivifuta tena, vikarudi tena. Visima vingi vya mjini vina maji ya magadi na chumvi, na hata maji matamu yanayotoka kwenye michanga ya Shela mimi siyaamini kwa kazi hii. Tumia maji ya mvua tu. Wenye majabia, yaani matangi ya kukingia mvua, kama ndugu zetu wa Kizingitini, wamekwisha kupata. Asiye na jabia akinge ya paa, lakini aache mvua ioshe paa dakika kumi kwanza, kwa kuwa paa nalo limebeba chumvi ya upepo. Lita 40 zinatosha kwa tezo moja na patasi zake.

Vya kutayarisha

Siki nyeupe ya dukani, ile ya asilimia 5, lita mbili. Magadi robo kilo. Brashi ya waya, tupa kuukuu, msasa wa maji namba 120, 220 na 400. Nyuzi laini za chuma za kusugulia sufuria, zile zisizotiwa sabuni. Glavu za mpira, na waya mwembamba wa kufungia. Mafuta ya cherehani. Nta ya nyuki kipande cha ukubwa wa ndimu. Ndoo mbili za plastiki, na sanduku la mbao au la plastiki lenye kifuniko.

Sufuria ndiyo inayowaponza wengi. Sufuria zetu za kawaida ni za alumini, na magadi huila alumini mpaka maji yakawa ya kijivu. Tafuta ya stenlesi au ya enameli isiyobanduka, na usiirudishe jikoni baadaye. Ukikosa kabisa, alumini itachemshia maji matupu, ila zana ining'inie kwa waya isiguse chini wala ubavuni.

Kutoa kutu kuu

Ng'oa chuma kwenye mpini kwa kugonga taratibu kwa nyundo ya mti. Mpini wa zamani usiutupe. Umeshazoea mkono, na mara nyingi ni mti ambao leo huupati. Magamba makubwa yatoe kwa tupa kuukuu na brashi ya waya, ukiwa nje, umefunga kitambaa puani.

Kisha zamisha chuma ndani ya siki. Kwa chuma kinene kama cha tezo, saa 12 mpaka 24. Kwa patasi nyembamba, saa tatu au nne, nawe unaitazama kila saa, kwa sababu siki ikimaliza kutu huanza kula chuma. Ukwaju pia hufanya kazi, nusu kilo kwa lita mbili za maji ya vuguvugu, na mama zetu wamesafishia shaba kwa ukwaju tangu zamani. Lakini uonje kwanza. Ukiwa umetiwa chumvi usioze, upeleke jikoni.

Neno moja la hatari: siki, ndimu au ukwaju visikutane kamwe na dawa ya kufulia nguo nyeupe ya klorini. Hutoa gesi inayochoma mapafu, na ndani ya chumba kidogo inaweza kuua.

Chuma kikitoka kwenye siki kitakuwa cha kijivu kilichokoza, kimefunikwa na utelezi mweusi. Sugua utelezi wote kwa brashi ndani ya maji ya mvua yaliyotiwa kijiko cha magadi, ili ukali wa siki ufe.

Grainda usiiguse. Nimeona tezo nzuri zimeuawa hapo. Makali ya tezo yalitiwa ugumu na mhunzi kwa moto na maji, na ugumu huo huanza kuondoka chuma kikipata joto la zaidi ya nyuzi 200. Ukiona rangi ya manjano hafifu inatambaa ukingoni, umefika kama 220. Ukiona buluu, umekaribia 300, na makali hayo hayatashika tena mpaka mhunzi ayatie upya. Maji yanayochemka ni nyuzi 100 tu, kwa hiyo yote tutakayoyafanya jikoni hayadhuru kitu.

Kupika chumvi itoke

Hatua hii ndiyo watu wanayoiruka, na kwetu pwani ndiyo hatua kubwa kuliko zote.

Tia chuma ndani ya sufuria ya maji ya mvua yakiwa bado baridi, na vijiko viwili vya magadi. Vipate joto pamoja, kwa sababu vyuma vya kusubu, yaani vilivyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, kama miili ya randa za kizungu, huweza kupasuka vikitumbukizwa ghafla katika maji ya moto. Chemsha saa nzima juu ya jiko la makaa. Mwaga. Tia maji mapya, safari hii bila magadi. Chemsha saa nyingine. Mwaga. Rudia mara tatu kwa chuma kilichokaa nchi kavu, na mara tano au sita kwa chuma kilichowahi kuzama baharini. Tezo ya Matondoni niliipika mara tano.

Utajuaje kwamba chumvi imetoka? Kausha chuma juu ya jiko mpaka kiwe cha moto mkononi, kisha kiweke ndani ya sanduku pamoja na bakuli la maji ya mvua, ufunike, ukiache usiku kucha. Asubuhi kitazame kwa jua la pembeni. Kikiwa na ukungu mwepesi wa kutu uliotapakaa sawasawa, ni sawa. Kikiwa na vitone vilivyosimama peke yake juu ya mashimo, bado kina chumvi, nawe unarudi jikoni. Tezo ile baada ya mapishi matatu ilikuwa na vitone kumi na moja, tisa kati yake vimejipanga karibu na shingo, mahali ambapo mpini ulikuwa ukishikilia maji. Baada ya matano hakikuwapo hata kimoja.

Msasa, na mafuta yasiyoonekana

Sasa piga msasa wa maji, kuanzia 120, kisha 220, kisha 400, daima kwa upande mmoja, kufuata urefu wa chuma. Alama utakazoacha leo utaziona chini ya weusi milele. Usiende juu ya 400, kwani chuma kinachong'aa mno hakishiki kutu sawasawa. Na mashimo usiyafukuze. Kulitoa tundu la nusu milimita, itakubidi ushushe uso wote nusu milimita, na utabakiwa na zana nyembamba isiyo na umbo lake. Acha mashimo, yana dawa yake, nitaifikia.

Alama ya mhunzi, ikiwapo, izungushie msasa kwa kidole. Usipite juu yake.

Ukimaliza, mafuta yote yaondoke, pamoja na ya vidole vyako. Vaa glavu, na kuanzia hapa usishike chuma kwa mkono mtupu mpaka mwisho. Sugua kwa magadi na brashi ya meno, suuza, chemsha dakika kumi. Kisha mwagia maji ya mvua: yakitandaa uso mzima kama shuka, chuma ni safi, yakijikusanya matone matone, mafuta yapo bado. Na nyuzi za chuma za kusugulia nazo zioshe hivyo hivyo, maana kiwandani hupakwa mafuta zisiote kutu. Mimi mwenyewe niliwahi kuharibu kazi ya siku mbili kwa nyuzi ambazo sikuziosha.

Kuotesha na kuchemsha

Funga waya kwenye chuma ili ukishike kwa waya tu. Loweka kitambaa cha pamba ndani ya siki, ukamue mpaka kisitoe tone, upake uso wote mara moja kwa mkono mwepesi. Usirudie juu kwa juu, maana siki nyingi hutiririka na kuacha michirizi. Kining'inize chuma ndani ya sanduku, chini yake bakuli la maji ya mvua ya moto, ufunike.

Sanduku liwe chumba cha ndani, mbali na dirisha la baharini. Barazani hapafai hata kidogo. Upepo mmoja wa jioni utakurudishia chumvi uliyoipika siku nzima.

Muda unategemea majira. Wakati wa masika, hewa ikiwa nzito, saa nne mpaka sita zinatosha. Wakati wa kaskazi kukavu, kiache usiku kucha na ubadilishe maji ya moto kabla ya kulala. Unachokitafuta ni vumbi laini la rangi ya mdalasini, lililotanda sawa kila mahali. Likianza kuwa nene na kuwa na chengachenga, umechelewa: lisugue litoke, uanze tena.

Kichemshe sasa kwa dakika 15 mpaka 20 ndani ya maji ya mvua matupu. Kaa hapo utazame, kwa sababu hii ni sehemu ninayoipenda. Mdalasini unakolea, unakuwa kama kahawa, halafu kingo zinaanza kuingia giza, na giza linatambaa kwenda katikati, mpaka chuma chote kikawa cheusi kama mahameli. Kitoe kwa waya. Joto lake lenyewe litakikausha.

Mara ya kwanza utavunjika moyo. Utasugua mahameli yale kwa nyuzi laini, nayo yatatoka, na chini utakuta kijivu hafifu chenye madoa. Ndivyo kinavyotakiwa kuwa. Sugua bila kukandamiza, mpaka unga mweusi uliolegea uishe na ubaki ulioshikana. Paka siki tena, ning'iniza, otesha, chemsha, sugua. Mara ya tatu kijivu kinakuwa cha moshi. Mara ya tano ni cheusi chenye ubuluu kwa mbali. Tezo ile niliifanya mara saba, mbili kwa siku, na mara ya saba haikuongeza kitu juu ya sita. Hapo ndipo unapoacha. Ukiona doa moja limekataa kuingia weusi, usilipake siki peke yake. Ni mafuta. Rudi kwenye magadi, osha chuma chote, uendelee.

Dawa ya mashimo

Ndani ya mashimo hubaki kutu ngumu ambayo siki haikuifikia, na pale pana msaada ulioota kwenye mikoko yetu. Magome ya mkandaa na ya mkoko yana utomvu mkali wa kukausha ngozi, na enzi za nyuma yalipakiwa hapa kupelekwa ng'ambo kwa watengenezaji wa ngozi. Utomvu huo ukikutana na kutu hushikana nayo, ikawa kitu cheusi chenye ubuluu, kisichoyeyuka majini.

Usikate mti kwa ajili hii. Kukata mikoko kunahitaji kibali, na gome la kiganja kimoja linatosha. Waombe wanaomenya boriti. Lisuuze sana kwa maji ya mvua, maana limekua ndani ya bahari, kisha lichemshe katika nusu lita mpaka maji yawe mekundu mazito, uchuje. Ukikosa gome, majani ya chai vijiko vinne vilivyochemshwa bila sukari hufanya kazi hiyo hiyo kwa nguvu pungufu. Tia kwa kijiti chenye pamba ndani ya kila tundu, acha ikauke, rudia mara tatu kwa siku moja, kisha suuza.

Kwa nanga ndogo, bawaba za milango au komeo lisilohitaji sura nzuri, hatua hii peke yake baada ya kupika chumvi inatosha. Huna haja ya mapishi saba.

Mafuta

Mchemsho wa mwisho tia nusu kijiko cha magadi, ili ukali wowote wa siki uliojificha ufe, kisha suuza kwa maji ya mvua yanayochemka. Chuma kikiwa bado cha moto, kimwagie mafuta ya cherehani mpaka kidondoke, ukifunge katika kitambaa kilicholowa mafuta, ukiache mpaka kesho yake. Weusi wa kweli hutokea hapa: kijivu cha vumbi hunywa mafuta na kuwa kama ngozi ya nyangumi.

Mafuta ya nazi mimi siyatumii. Ni mazuri kwa mengi, lakini juu ya chuma huchacha, na yakichacha huwa na ukali unaorudisha kutu. Mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, ni mazuri sana na hukauka yakawa ngozi ngumu, lakini vitambaa vyake vikikunjwa na kurundikwa hupata joto vyenyewe hata vikawaka moto. Kwenye nyumba za makuti hilo si jambo la kubahatisha. Ukiyatumia, tandaza kila kitambaa juani kikauke, au kitie ndani ya kopo la maji.

Kesho yake futa mafuta ya ziada, upake nta: sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu za mafuta ya cherehani, iliyoyeyushwa kwa kuweka kopo ndani ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Ipake ikiwa vuguvugu, isugue kwa kitambaa kikavu.

Makali

Makali ni ya mwisho, baada ya weusi, kwa sababu siki na kuchemsha vimeyafanya butu. Noa kwa kinoo cha maji, kwa maji ya mvua yale yale, upande wa ndani wa tezo kwa pembe ile ile aliyoiacha mwenye tezo. Utabakiwa na mstari mweupe mwembamba mbele ya uso mweusi. Mstari huo hauna kinga yoyote isipokuwa mafuta, hivyo upake kila jioni.

Kuanzia hapo, zana ikitoka kazini ufukweni ifutwe kwanza kwa kitambaa kilicholowa maji matamu, ikauke, kisha kitambaa cha mafuta. Ukianza na mafuta, unaifungia chumvi ndani. Isiwekwe kwenye nailoni. Nailoni hushika jasho. Gunia la katani au kitambaa cha pamba chenye nta ni bora, na pahali pake ni ukutani, si sakafuni. Kila baada ya miezi mitatu pasha moto kidogo juani, upake nta upya. Likitokea doa jekundu, lisugue kwa nyuzi laini zenye mafuta mpaka litoke; weusi wa chini yake mara nyingi utakuwa mzima.

Kijana alikuja siku ya kumi na tano. Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza shingoni, akakuta alama ndogo ya mhunzi ambayo hakuwahi kuiona kwa sababu ya kutu. Mpini wa babu yake tuliurudisha pamoja pale pale, kwa kabari mpya ya mti.

"Ami, kuna patasi nane nyumbani," akasema.

Nikampa debe la maji ya mvua aondoke nalo.